Mwalimu wa Kasulu na maabara ya Dar: umbali wa matibabu ya uzazi unavyohesabika

Matibabu ya kupandikiza mimba, yale ambayo wengi wanayaita IVF, huanza siku ya pili au ya tatu ya hedhi. Hayaanzi Jumatatu, wala tarehe mosi, wala siku ambayo mkuu wa shule atatoa ruhusa. Mwili wa mwanamke ndio unaopanga tarehe, na ukishaipanga hausogezi. Naanza na jambo hili kwa sababu kila mjadala wa uhaba wa kliniki za uzazi unapozuka, watu huhesabu kilomita. Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 1,200, kwa hiyo kliniki iko mbali, na mjadala unaishia hapo. Ni kweli iko mbali. Lakini kilomita hazielezi kwa nini mtu aliyesafiri njia hiyohiyo mwaka jana kwenda harusini anashindwa kuisafiri kwenda kutibiwa.

Tumfuate mwanamke mmoja wa kufikirika. Ni mwalimu wa shule ya msingi Kasulu, mkoani Kigoma, ana miaka 34, yuko kwenye ndoa mwaka wa sita, na kipimo kimeonyesha kwamba mirija yake yote miwili imeziba. Yai lake na mbegu ya mumewe haviwezi kukutana ndani ya mwili, ikabidi vikutanishwe maabara. Maabara zinazofanya kazi hiyo nchini zimejaa Dar es Salaam. Kuna huduma Arusha pia, ila kwa mtu wa Kasulu Arusha si jirani.

Hedhi ikianza leo, kesho au keshokutwa anatakiwa awe amelala kwenye kitanda cha altrasaundi, daktari aangalie mfuko wa uzazi na ovari kabla ya dawa. Basi la kutoka Kasulu lenyewe linakula zaidi ya siku moja njiani. Maana yake ni kwamba hawezi kusubiri damu ndipo akate tiketi. Anatakiwa aondoke kabla, akisie, afike Stendi ya Magufuli na begi lake, akakae asubiri. Hedhi ikichelewa siku nne, analipia gesti siku nne ambazo hakuna chochote kinachofanyika.

Kisha zinaanza sindano. Kila siku, kwa wastani wa siku tisa hadi kumi na moja, anachomwa homoni inayozifanya ovari zikuze vifuko vingi vya mayai badala ya kimoja kile cha kila mwezi. Dawa nyingi za namna hii huhifadhiwa kwenye jokofu, nyuzi joto 2 hadi 8. Kila baada ya siku mbili au tatu anarudi kwenye altrasaundi ili vifuko vipimwe kwa milimita. Vinavyoongoza vikifika 17 au 18, anapewa sindano ya mwisho ya kuyapevusha mayai. Hapo muda unageuka kuwa wa saa. Mayai huvunwa kati ya saa 34 na 36 baadaye, kwa sababu yakiachwa zaidi ya hapo yanaanza kujitoa yenyewe na kupotea. Sindano ya saa nne usiku wa Jumatatu maana yake ni kitanda cha upasuaji saa nne asubuhi ya Jumatano. Foleni ya Kimara haiwezi kuwa sababu.

Siku hiyohiyo mume anatoa mbegu. Mayai yanarutubishwa, yanakaa maabara siku tatu au tano, halafu kiinitete kinarudishwa kwenye mfuko wa uzazi. Zinafuata kama wiki mbili za kusubiri kipimo cha mimba. Hizo anaweza kuzisubiria nyumbani, akiwa ameambiwa aendelee na dawa. Ukijumlisha, ni kama wiki tatu nje ya Kasulu, na hiyo ni hesabu ya jaribio moja ambalo halikukwama popote.

Sasa mweke mwalimu huyu kwenye kalenda ya shule. Likizo ndefu ni Juni na Desemba. Mzunguko wake ukiangukia katikati ya muhula, anatumia siku zake 28 za likizo ya mwaka, nazo zinaisha zote kwa safari moja. Mumewe ana duka, na duka likifungwa siku tatu wateja wanahamia kwa jirani. Akifikia kwa ndugu ili aokoe pesa ya gesti, ataeleza nini kuhusu vile vichupa ndani ya jokofu karibu na maziwa ya watoto? Wengi hawataki ukoo ujue. Wako wanaolala gesti si kwa sababu hawana ndugu Dar, bali kwa sababu wanao.

Bei ya matibabu yenyewe ni kubwa. Katika kliniki binafsi za Dar es Salaam mzunguko mmoja mara nyingi hupita shilingi milioni 10, na bima nyingi za afya hazina IVF kwenye kitita chao. Ndiyo maana mazungumzo yote huishia kwenye bei. Lakini bei huwa inaandikwa kwenye karatasi na kliniki. Nauli, gesti, chakula, duka lililofungwa na likizo iliyokwisha havimo kwenye karatasi hiyo, na mtu wa Mikocheni, hapohapo Dar, anayetibiwa kliniki ileile halipi hata kimoja.

Kwa nini maabara ni chache

Ni rahisi kusema kila mkoa upewe maabara yake. Nimelifikiria sana jambo hili na sikubaliani nalo, angalau kwa sasa. Kiinitete cha siku mbili ni chembe chache tu za uhai zisizo na ngozi, zisizo na kinga. Kinakaa kwenye kabati maalumu lenye joto la nyuzi 37 na hewa yenye kabonidayoksaidi kama asilimia 5 au 6. Hewa ya chumba chenyewe huchujwa, kwa sababu rangi mpya ya ukuta au harufu ya dawa ya kusafishia inaweza kudhuru. Viinitete vya akiba huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, ambayo lazima iongezwe kila inapopungua. Umeme ukikatika bila jenereta kuwaka mara moja, kinachopotea hakirudishwi kwa kuomba radhi.

Na juu ya mashine yupo mtu: mtaalamu wa viinitete, ambaye mikono yake inabaki hodari kwa kufanya kazi nyingi. Maabara inayopata wagonjwa wawili kwa mwezi huwa na mtaalamu ambaye mkono wake umelala. Kwa hiyo huduma hii huvutwa na miji mikubwa kwa sababu ambazo si tamaa ya faida peke yake. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kuzaliwa kwa njia hii, alizaliwa Oldham, Uingereza, Julai 1978. Uganda ilipata wa kwanza 2004, Kampala. Kenya 2006, Nairobi. Hadi leo ramani ya huduma katika ukanda wetu bado inafuata miji ileile. Maandalizi ya Hospitali ya Taifa Muhimbili kuwa na kituo cha umma yalielekezwa Mloganzila, jambo ambalo nalitakia kila la heri kwa sababu linagusa bei, lakini kwa mtu wa Kasulu, Mloganzila na Mikocheni ni safari ileile.

Ramani halisi ya wagonjwa pia haifuati mipaka. Mtu wa Bukoba akivuka Mutukula yuko Kampala kwa kilomita kama 300. Kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya mara nne ya hizo. Mkazi wa Goma yuko karibu zaidi na Kampala kuliko Kinshasa, ambako hana hata barabara ya kumfikisha. Watu wanajua hivyo na wanasafiri hivyo. Kinachobaki nyuma ni karatasi: rufaa huandikwa kwenda hospitali za nchi, bima husomeka ndani ya nchi, na faili la vipimo vya Kampala hufika Bukoba kwenye simu ya mgonjwa, likiwa picha iliyofifia.

Ngazi iliyorukwa

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu nadhani ndipo tatizo kubwa lilipo, na ndipo panapozungumzwa kidogo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio mwaka 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita hupitia ugumu wa kupata mimba wakati fulani wa maisha yake. Ugumu huo hupimwa kwa miezi 12 ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga na bila mimba kutunga. Wengi kati ya watu hao hawahitaji IVF kabisa. Kuna mwanamke ambaye mayai yake hayapevuki kwa mpangilio, anayehitaji vidonge kama letrozole au clomiphene na mtu wa kumfuatilia. Kuna mwenye tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri. Kuna mwenye uvimbe ndani ya kizazi unaoweza kuondolewa. Na kuna mwanamume mwenye mbegu chache au zisizo na mwendo, ambaye hajawahi kuulizwa chochote. Katika karibu nusu ya ndoa zinazohangaika kupata mtoto, upande wa mwanamume umechangia, peke yake au pamoja na wa mwanamke.

Kipimo cha mbegu ni hadubini, kioo maalumu cha kuhesabia, na mtaalamu wa maabara aliyefundishwa kukitumia. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021, chembe milioni 16 kwa mililita moja ndiyo mpaka wa chini wa kawaida. Hospitali ya wilaya ina hadubini. Lakini kipimo hiki nacho kina umbali wake, unaohesabiwa kwa dakika: mbegu zinatakiwa zianze kuchunguzwa ndani ya saa moja tangu zitoke, zikiwa hazijapigwa na baridi. Mtu anayekaa kijiji cha saa mbili kutoka hospitali hawezi kuja nazo kutoka nyumbani. Anahitaji chumba chenye mlango unaofungika hapohapo hospitali. Ni jambo la aibu kidogo kuliandika, na pengine ndiyo sababu haliandikwi, lakini chumba hicho kimoja kingewaokoa wanawake wengi safari nyingi.

Kwa sababu kinachotokea sasa ni kinyume. Mwanamke ndiye anayeanza kusafiri. Anakwenda peke yake, anapigwa altrasaundi, anaambiwa homoni zimevurugika, anapewa dawa. Mwaka unapita. Anakwenda tena kwingine, anapigwa nyingine. Mume anakuja kupimwa mwishoni, baada ya mke kumaliza akiba, na kipimo chake kilikuwa ndicho rahisi na cha karibu kuliko vyote.

Kipimo cha mirija kina ugumu wa namna nyingine. HSG ni picha ya eksirei inayopigwa huku dawa inayoonekana ikisukumwa kupitia mlango wa kizazi, daktari aone kama inapita kwenye mirija na kumwagika. Inapigwa baada ya hedhi kuisha na kabla yai halijatoka, yaani dirisha la siku chache tu kila mwezi. Mashine za eksirei ziko kwenye hospitali za rufaa za mikoa. Kigoma wana hospitali ya Maweni. Lakini kipimo hakihitaji mashine peke yake. Kinahitaji dawa ile ya kusukuma, mpira wake, na daktari anayejua kusoma picha bila kuita mirija iliyojikaza kwa maumivu mirija iliyoziba. Kimoja kikikosekana wiki hiyo, mgonjwa haambiwi arudi Alhamisi. Anaambiwa arudi mwezi ujao, akishaona hedhi tena. Kukosa siku mbili kunakuwa kukosa siku 28.

Hivi ndivyo umbali unavyogeuka kuwa miaka. Mwalimu wetu hakufika miaka sita kwa uzembe. Mwaka wa kwanza alisubiri, kama watu wote. Wa pili alipewa dawa za maambukizi bila mumewe kupewa. Wa tatu alipigwa altrasaundi tatu, na altrasaundi ya kawaida haionyeshi mirija iliyoziba. Wa nne alinunua dawa za kusafisha kizazi. Wa tano alisikia habari za HSG, na mara ya kwanza aliyoifuata hakukuwa na dawa ya picha.

Kuhusu hizo dawa za kusafisha mirija, niseme wazi. Mrija wa uzazi ukiziba kwa kovu, hakuna unga, chai wala kidonge cha kuweka ukeni kinachouzibua. Baadhi ya vidonge hivyo huunguza uke na kuleta maambukizi mapya juu ya yale ya zamani. Siwalaumu wanawake wanaovinunua. Muuzaji anajibu WhatsApp saa tano usiku, anamwita mteja wake dada yangu, hamuulizi mbona umechelewa, na mzigo anautuma kwa basi ukafika Kasulu kesho yake jioni. Katika huduma zote zinazotangazwa kwa jina la uzazi, hiyo ndiyo pekee inayomfuata mwanamke mpaka mlangoni kwake. Ukiuliza kwa nini watu wanaiamini, anza hapo.

Mulago, Mwanza na maradhi yanayoziba mirija

Mirija haizibi yenyewe. Katika Afrika kusini mwa Sahara chanzo kikubwa ni maambukizi: kisonono na klamidia zilizoachwa bila tiba, maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika au kutolewa katika mazingira mabaya. Kifua kikuu cha viungo vya uzazi kimo. Kichocho cha mkojo kimo pia, na wakazi wa pwani, Pemba na baadhi ya maeneo ya kanda ya ziwa wanakijua kuwa ugonjwa wa watoto wanaooga mabwawani, bila kujua kwamba mayai ya minyoo hiyo huweza kukaa kwenye viungo vya uzazi vya binti mpaka ukubwani.

Historia ya jambo hili iko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Hospitali ya Mulago, Kampala, ilianzishwa 1913 na daktari mmisionari Mwingereza, Albert Cook, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo kabisa ilikuwa kutibu magonjwa ya zinaa, wakati ambapo uzazi mdogo katika Buganda ulikuwa umezusha hofu kubwa. Ng'ambo ya mpaka, Uhaya nako kulikuwa na kilio hichohicho cha ndoa nyingi zisizo na watoto. Penisilini ilipoenea katikati ya karne ya 20 hali ilibadilika sana. Zaidi ya miaka 100 baada ya Cook, kwenye kilima kilekile cha Mulago, ilifunguliwa hospitali maalumu ya umma ya wanawake na watoto wachanga, 2018, ikiwa na huduma ya IVF. Kilima kimoja kimebeba tiba ya chanzo na tiba ya tokeo.

Na kuna ushahidi wa Mwanza. Kati ya 1991 na 1994, katika vijiji vya mkoa huo, watafiti waliboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya na zahanati za kawaida: watumishi wakafundishwa kutibu kwa kuangalia dalili, dawa zikahakikishwa zipo, wakatembelewa. Lengo lilikuwa VVU, na maambukizi mapya yalipungua kwa takriban asilimia 40 ukilinganisha na maeneo ambayo hayakuboreshwa. Dunia nzima iliusoma utafiti huo kama habari ya UKIMWI. Mimi nausoma pia kama habari ya mirija. Ulionyesha kwamba zahanati ya kijijini, ikiwa na dawa na mtu aliyefundishwa, inaweza kuyashika maradhi haya mapema. Ugumu uliobaki ni klamidia, ambayo kwa wanawake wengi haina dalili yoyote, na anayetibu kwa dalili haioni.

Kwa hiyo safari ya mwalimu kwenda Dar es Salaam haikuanza alipokata tiketi. Huenda ilianza akiwa na miaka 21, na zahanati iliyokuwa dakika 20 kwa mguu.

Si sisi peke yetu

Watu hudhani hili ni tatizo la nchi maskini. Marekani, yenye kliniki mia kadhaa za uzazi, ilichunguzwa katika utafiti uliochapishwa 2017. Ulikuta wanawake karibu milioni 25 wa umri wa kuzaa, takriban wanne kati ya kumi, wakiishi maeneo yasiyo na kliniki hata moja au yenye moja tu. Kliniki zilikuwa zimesongamana kwenye miji mikubwa yenye kipato. Hapo kuna fundisho: soko likiachwa lichague mahali, huchagua mahali palepale.

Wadachi walilifikia jambo hili kwa njia ninayoipenda. Waliona kwamba kinacholazimika kuwa sehemu moja ni maabara tu. Mwanamke akafuatiliwa na kuvunwa mayai kwenye hospitali ya mji wake, halafu majimaji yenye mayai yakawekwa kwenye kisanduku kidogo kinachotunza joto na kupelekwa kwa gari kwenye maabara ya mji mwingine. Mara nyingi aliyebeba kisanduku hicho alikuwa mume mwenyewe. Uholanzi ni nchi ndogo yenye barabara nzuri, na njia hiyo haiwezi kunakiliwa kutoka Kasulu. Wazo lake linaweza: tenganisha kinachohitaji maabara na kisichohitaji.

Wengine wamejaribu kuifanya maabara yenyewe iwe nyepesi. Daktari Mbelgiji Willem Ombelet wa Genk, pamoja na Jonathan Van Blerkom wa Marekani, walitengeneza njia ambayo kiinitete hukua ndani ya mrija wa kioo uliofungwa, na kabonidayoksaidi inayohitajika hutengenezwa kwenye mrija wa pembeni kwa kuchanganya asidi ya ndimu na baikaboneti ya sodiamu. Kabati la gharama kubwa halihitajiki, wala mitungi ya gesi. Watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa Genk 2012, na imefika Accra, Ghana. Haiwafai wagonjwa wote. Mwanamume mwenye mbegu chache mno bado anahitaji mbegu yake ichomwe moja kwa moja ndani ya yai, kazi ya mashine nyingine. Lakini kwa mwanamke ambaye tatizo lake ni mirija tu, na huku kwetu hao ni wengi, ndiyo njia ninayotamani kuiona Mwanza au Mbeya.

Safari ya wiki tatu inavyoweza kufupishwa

Tumrudie mwalimu, safari hii tukitumia vitu vilivyopo. Zile altrasaundi za kila siku mbili hazihitaji maabara. Zinahitaji mashine yenye kifaa cha kupimia kwa njia ya uke na mtu anayepima kifuko cha yai kwa uangalifu, kisha anatuma milimita zake kwa simu. Mtu huyo anaweza kuwa Kigoma mjini, au hospitali ya Bugando, Mwanza. Daktari wa Dar es Salaam anasoma vipimo, anasema ongeza dozi, punguza, au panda ndege kesho. Kliniki kadhaa duniani hufanya hivyo kila siku. Kinachotakiwa ni daktari wa Dar kumwamini mpimaji wa Kigoma, na kuaminiana huko hujengwa kwa mafunzo na kwa kufanya kazi pamoja.

Mume naye hahitaji kwenda na kurudi. Mbegu zake zinaweza kugandishwa siku yoyote atakayofika Dar kwa shughuli zake, zikamsubiri mkewe. Viinitete navyo vinaweza kugandishwa vyote, urudishaji ukafanyika mwezi mwingine, ukapangwa uangukie likizo ya Desemba. Kwa mfanyakazi wa Dodoma, treni ya SGR iliyoanza 2024 tayari imeifanya Dar kuwa mji wa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Anaweza kufuatiliwa bila kulala nje hata usiku mmoja. Reli moja imefanya zaidi kwa wagonjwa wa Dodoma kuliko ambavyo kliniki mpya tatu Masaki zingefanya.

Haraka ni ya lazima, na sababu yake ni ovari. Takwimu za mamlaka ya Uingereza inayosimamia kliniki hizi, HFEA, kwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba kwa wanawake wa chini ya miaka 35, kila kiinitete kilichorudishwa kilikuwa na nafasi ya takriban asilimia 32 ya kuleta mtoto aliye hai. Kwa wenye miaka 40 hadi 42 ilikuwa kama asilimia 11. Mwalimu wa miaka 34 akiambiwa ajichange miaka mitano kwanza, anaambiwa anunue nafasi ndogo zaidi kwa pesa zilezile. Ndiyo maana mwanamke aliyevuka 35 anashauriwa aanze uchunguzi baada ya miezi sita, asingoje 12. Kama wewe msomaji uko kwenye hali hiyo, nenda hospitali ya wilaya na mumeo, nyote wawili, na muanze na kipimo chake.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo kliniki za mjini huwa haziliwazii. Matibabu hayaishii kiinitete kinaporudishwa. Siku chache baada ya kuvunwa mayai, mwanamke anaweza kuvimba tumbo, kutapika na kubanwa na pumzi kwa sababu ovari zimechokozwa kupita kiasi na maji yanavuja tumboni. Akiwa tayari yuko Kasulu, daktari wa zamu atakayempokea usiku anaweza asijue kwamba alipewa sindano hizo, hasa kama mgonjwa mwenyewe anaficha. Na mwanamke ambaye mirija yake imeharibika ana hatari kubwa zaidi ya mimba kutunga nje ya kizazi, hata baada ya IVF. Mrija ukipasuka, damu haisubiri basi la Dar es Salaam. Kila anayerudishwa mkoani anapaswa kubeba barua ya Kiswahili iliyo wazi, yenye dawa alizopewa, tarehe zake, dalili za hatari na namba ya daktari, na aipeleke kwa daktari mmoja wa karibu anayemwamini kabla hajaumwa.

Wiki ya sita, ikiwa kipimo cha mimba kilikuwa chanya, anapigwa altrasaundi ya kuangalia mimba imekaa wapi na kama moyo unadunda. Hiyo haihitaji Dar es Salaam. Mashine iko hospitali ya wilaya, na safari yake ni nauli ya bodaboda.